Kutoka Minnesota kwenda Texas na leseni mbili mkononi

Mwalimu wa sekondari akipata uhamisho kutoka Kasulu kwenda Korogwe, shida zake zinajulikana: kibali cha TAMISEMI, fedha za uhamisho zisizofika kwa wakati, nyumba ya kupanga, na pengine kuhangaika kumpata mwalimu wa kubadilishana naye kituo. Lakini hakuna anayemuuliza kama bado ni mwalimu. Cheki namba ni ile ile, mwajiri ni yule yule, na vyeti vilivyotambuliwa Kigoma vinatambuliwa Tanga. Nilifundisha historia Kasulu kabla ya kuja huku, na nilikuja na imani hiyo kichwani: ukishakuwa mwalimu wa nchi, umekuwa.

Marekani haina mwalimu wa nchi. Katiba yao haikutaja elimu popote, na marekebisho ya kumi yanasema mambo ambayo serikali kuu haikupewa ni ya majimbo na wananchi. Ndiyo maana kila moja ya majimbo 50 lina utaratibu wake wa leseni, mitihani yake, ada zake na fomu zake. Wizara ya elimu ya Washington haitoi leseni kwa mwalimu yeyote. Nililijua jambo hili kwa kusoma tangu nikiwa chuo. Kulijua kwa mwili ilinichukua hadi tulipohama.

Nilianzia Minnesota, vitongoji vya Minneapolis, kama msaidizi wa darasani, shahada ya Mlimani ikiwa kabatini. Nilikaa na watoto waliokuwa na shida ya kusoma, niliwasindikiza kwenye basi, nikasoma jioni. Baadaye nilimaliza programu ya ualimu na shahada ya uzamili, nikapata leseni ya masomo ya jamii, darasa la 5 hadi la 12. Miaka ikapita, mkuu wangu wa shule, mwanamama mmoja mkali lakini mwenye jicho la kuona watu, akaniita ofisini akaniambia nikasomee uongozi. Nikasoma. Minnesota inataka mkuu wa shule awe amefundisha angalau miaka mitatu, awe na krediti 60 juu ya shahada ya kwanza, afanye mafunzo kwa vitendo ya saa 320 katika ngazi zote za shule, na mwisho asimame mbele ya jopo kutetea kile alichojifunza. Hakuna mtihani wa kukaa kwenye kompyuta. Weka jambo hilo akilini, maana ndilo lililokuja kunikamata baadaye.

Kitu kingine ambacho hata wenyeji wengi hawakijui: pale Minnesota leseni ya ualimu hutolewa na bodi moja, PELSB, na ya uongozi na bodi nyingine kabisa, BOSA. Tovuti tofauti, ada tofauti, tarehe tofauti za kuhuisha. Na msidhani Minnesota ni watakatifu katika mambo haya. Mwaka 2015 walimu waliotoka majimbo mengine waliishtaki bodi ya wakati ule kwa kuwazibia njia ya kupata leseni, na mwaka 2016 mkaguzi wa bunge la jimbo aliandika wazi kuwa mfumo wa leseni za walimu umeharibika. Mwaka 2018 ndipo wakaleta mfumo wa ngazi nne unaotumika sasa. Kwa hiyo nilipofika Texas na kuanza kulalamika, nilikuwa natoka kwa watu waliowahi kuwafanyia wengine hivyo hivyo.

Mume wangu alipata kazi upande wa Dallas na Fort Worth mwaka 2022. Wakati huo nilikuwa mkuu msaidizi wa shule ya kati. Kila niliyemwambia alinipa jibu moja: Texas wana upungufu wa walimu, watakupokea kwa mikono miwili. Wengine walinitajia makubaliano ya NASDTEC kana kwamba ni pasipoti. NASDTEC ni chama cha maofisa wa leseni wa majimbo, na makubaliano yenyewe hayasemi kwamba leseni ya hapa ni leseni ya kule. Kila jimbo linatamka tu ni leseni za majimbo gani litakazozikubali kama msingi wa kuanzia, na linabaki na haki ya kudai mtihani, kozi au uzoefu zaidi. Tena jimbo linaweza kukubali leseni za ualimu kutoka mahali fulani bila kukubali za uongozi. Jedwali lake ukilisoma haraka utafurahi. Lisome polepole.

Texas wana kitu wanachokiita mapitio ya vyeti. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa TEA, ambayo ndiyo idara yao ya elimu, unalipa, unapeleka kila kitu ulicho nacho, wao wanapitia na kukuandikia unastahili nini na unapungukiwa nini. Kwa aliyesomea Marekani tangu mwanzo, ni leseni, transkripti na matokeo ya mitihani. Kwa sisi tulioanzia nyumbani kuna tabaka la pili. Shahada yangu ya kwanza ni ya Dar es Salaam, kwa hiyo walitaka ripoti ya tathmini ya kozi moja moja, na iandikwe na taasisi iliyoko kwenye orodha yao. Bahati nilikuwa nayo ripoti ya zamani. Mwenzangu mmoja aliyekuwa kwenye safari hiyo hiyo, Mkenya aliyesomea Eldoret, ripoti yake ilikuwa ile fupi inayosema tu kwamba shahada hii ni sawa na shahada ya Marekani, bila orodha ya kozi wala alama. Akaanza upya, na dada yake akawa anashinda kwenye foleni ya chuo kule Eldoret kwa ajili yake.

Hapa nitoe ushauri wa kibahili kidogo. Ukimtuma ndugu chuoni akuchukulie transkripti, mwambie aombe zaidi ya moja, na asifungue bahasha. Narudia, asifungue bahasha. Mdogo wangu wa kiume, kwa nia njema kabisa, alifungua ili anipigie picha nihakikishe kwamba jina halijakosewa. Jina lilikuwa sawa. Bahasha ikawa haina kazi tena kwa mtu yeyote.

Halafu kuna miaka ya kazi. Mshahara wa mwalimu Texas una ngazi ya chini iliyowekwa na jimbo, kuanzia asiye na uzoefu hadi mwenye miaka 20, na kila mwaka unaotaka uhesabiwe lazima uonekane kwenye fomu ya rekodi ya utumishi iliyosainiwa na wilaya ya shule uliyofanyia kazi. Barua ya kusifiwa na mkuu wako haihesabiki. Wilaya niliyotoka ilikuwa imebadilisha watu wa idara ya utumishi, na fomu yangu ilizunguka huko hadi nikaanza kumjua kwa sauti kila aliyepokea simu. Ilipokuja, mwaka mmoja haukuwamo kwa sababu nilianza kazi katikati ya muhula. Ya Kasulu ndiyo usiulize. Barua yangu ya ajira kutoka halmashauri ilikuwa na tarehe ya kuanza, muhuri mzuri wa bluu, na haikuwa na tarehe ya kuacha. Kwa ofisa wa Texas anayeisoma, nilikuwa bado nafundisha Kasulu.

Alama za vidole ni hadithi fupi. Vidole vyangu vilishapigwa Minnesota, vikaenda FBI, vikarudi safi. Texas, tangu sheria yao ya mwaka 2007, wanataka vyao. Majimbo hayaazimani matokeo hayo. Unalipa, unapaka, unasubiri.

Majibu yalipokuja yalikuwa na sehemu mbili, na tofauti kati yake ndiyo iliyonifanya nikae niandike haya. Kwenye ualimu mambo yalikwenda. Mtihani wangu wa somo ulikubaliwa, nikapewa cheti cha mwaka mmoja cha kuanzia kazi huku cha kawaida kikishughulikiwa. Kilichopungua ni upana: leseni yangu ya darasa la 5 hadi 12 ilikuwa sasa ya 7 hadi 12, kwa kuwa Texas hawagawi madarasa kama Minnesota. Kwao masomo ya jamii yana cheti cha 4 hadi 8 na kingine cha 7 hadi 12. Darasa la 5 na la 6, ambayo nilikuwa nimeyafundisha vizuri tu, yakawa hayanihusu.

Kwenye uongozi walinikumbusha kwamba sina mtihani. Ni kweli, sikuwa nao. Minnesota hawana. Nilikuwa na saa 320, jopo, na miaka ya kukaa kwenye kiti chenyewe, na hakuna hata kimoja kinacholinganishwa na mtihani ambao Texas wanautambua. Nilitakiwa nikae mtihani wao wa wakuu wa shule, namba 268. Na Texas hata mkuu msaidizi anahitaji cheti hicho hicho cha ukuu. Kwa hiyo mwezi Agosti mimi niliyekuwa napanga ratiba za walimu nilipewa ratiba na mtu mwingine: historia ya Texas, darasa la 7, vipindi sita.

Nyumbani habari ilifika kwa namna yake. Mama mdogo alinipigia kutoka Kigoma. "Nimesikia wamekushusha cheo, mwanangu. Ulifanya nini?" Nikamweleza kuhusu majimbo, leseni, mtihani. Akanisikiliza hadi mwisho. "Sawa," akasema, "lakini ulifanya nini?" Kwa mwalimu wa Tanzania, mkuu wa shule anayerudishwa darasani ni mtu aliyekula fedha za ukarabati au kagombana na afisa elimu. Hakuna maelezo ya mitihani ya kompyuta yatakayomtoa mtu kwenye dhana hiyo kwa simu.

Niseme ukweli, kurudi darasani hakukuniuma kama nilivyotarajia. Historia ya Texas sikuwa naijua. Nilikuwa nasoma vita vya Alamo usiku na kuvifundisha asubuhi kwa watoto waliokwisha kwenda pale na bibi zao. Kilichoniuma ni vikao. Kukaa nyuma ya chumba, kumsikiliza mtu akieleza vibaya jambo ninalolijua, na kunyamaza kwa sababu si nafasi yangu kusema. Mwenzangu wa chumba cha jirani, baba mmoja aliyekaa kazini miaka mingi, alinitazama siku moja baada ya kikao akasema uso wangu unaongea sana. Nikajifunza kuandika. Nilitoka na daftari zima la mambo ambayo ningeyafanya tofauti, mengine nimeyafanya tangu hapo, mengine nimekuja kuona kwa nini aliyeongoza vikao vile aliyafanya alivyoyafanya.

Kulikuwa na njia ya mkato. Texas shule za mkataba, zile zinazoendeshwa na bodi binafsi kwa fedha za umma, zinaweza kumwajiri mkuu asiye na cheti cha jimbo ilimradi ana shahada. Na tangu sheria ya mwaka 2015, hata wilaya za kawaida zinaweza kujitangaza wilaya za ubunifu na kujiondolea baadhi ya masharti ya vyeti. Shule moja ya namna hiyo ilinipigia. Mshahara ulikuwa mzuri. Nilikataa, na sidhani kila mtu akatae. Mimi nilihesabu hivi: uzoefu wa ukuu bila cheti hauhesabiki popote nitakapohamia, na nilishachoka kuwa na uzoefu usiohesabika.

Mtihani wenyewe ni wa saa tano, maswali ya kuchagua pamoja na ya kuandika majibu ukiwa umepewa takwimu na nyaraka za shule ya kubuni. Nilianza kujiandaa nikiwa na hasira. Nani hawa wa kunipima uongozi kwa kubofya panya? Hasira ilidumu hadi nilipofungua sheria za elimu za Texas, na hapo ndipo nilipoanza kuona ninachodaiwa. Hawakuwa wananiuliza kama najua kuongoza watu. Walikuwa wanauliza kama najua wanakoongozwa.

Chukua chama cha walimu. Minnesota mkuu wa shule analala na mkataba wa hali bora chini ya mto. Ukitaka kumbadilishia mwalimu kipindi, kumwita kikaoni baada ya saa za kazi, kumwandikia onyo, unafungua mkataba kwanza, na mwakilishi wa chama anakuwa na nakala yake mezani. Texas sheria ya jimbo inakataza watumishi wa umma kujadiliana na mwajiri kupata mkataba wa aina hiyo, na mgomo pia. Mtu aliyetoka kaskazini anaweza kudhani basi huku mkuu anafanya apendavyo. Si hivyo. Ulinzi wa mwalimu umehamia kwenye sheria yenyewe, sura ya 21 ya sheria ya elimu, ambako kuna mkataba wa majaribio, wa muda na wa kudumu, kila mmoja na masharti yake. Kama wilaya haitaki kumwongezea mwalimu mkataba wa majaribio au wa muda, lazima apewe taarifa ya maandishi si chini ya siku ya kumi kabla ya siku ya mwisho ya masomo. Ikipita hiyo, mwalimu ameajiriwa tena mwaka unaofuata, upende usipende. Sasa mfikirie mkuu wa shule mzoefu, mwerevu, aliyetoka Minnesota jana, anayesubiri kikao cha Juni, masomo yakiwa yameshaisha, kumjadili mwalimu huyo.

Tathmini za walimu nazo. Texas wengi wanatumia mfumo wa T-TESS, wenye maeneo manne yaliyogawanyika katika vipengele 16, ukaguzi rasmi wa dakika 45 na mazungumzo ya baada ya ukaguzi ndani ya siku kumi za kazi. Huruhusiwi kumkagua mwalimu kwa mfumo huo mpaka wewe mwenyewe uwe umefuzu mafunzo ya uongozi wa ufundishaji na mafunzo ya ukaguzi, na kufaulu mtihani wa mwisho. Hilo linakuja juu ya cheti cha ukuu, na wilaya nyingi hazikuambii hadi ushapata cheti. Na kama utaongoza shule ya msingi, kuna akademia za kusoma, yaani mafunzo ya namna ya kufundisha kusoma, zilizoletwa na sheria ya mwaka 2019 kwa walimu wa chekechea hadi darasa la 3 na wakuu wao. Ndiyo, na wakuu.

Jambo lililonigeuza kabisa mawazo lilikuja baada ya kufaulu, nikiwa tayari nimerudi kwenye ukuu msaidizi, safari hii katika shule yenye watoto wengi wa wakimbizi. Eneo la Fort Worth lina Wakongo wengi waliopitia kambi ya Nyarugusu, ambayo iko Kasulu, mwendo wa basi kutoka shule niliyofundisha. Nilipowasikia watoto wa darasa la 6 wakigombana kwa Kiswahili cha Kigoma kwenye foleni ya chakula, nilisimama katikati ya ukumbi nikasahau nilikokuwa nakwenda.

Mama mmoja wa watoto hao tulimwita kuomba ridhaa yake mwanawe apimwe kwa ajili ya elimu maalumu. Alikuja na binti yake mkubwa na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi za jimbo walilofikia kwanza. Tukaketi: mwanasaikolojia wa shule, mwalimu wa darasa, mimi, na simu katikati ya meza yenye mkalimani. Akanitazama, akaitazama simu.

"Mwalimu, weye si unaongea Kiswahili? Huyu wa kwenye simu ni wa nini?"

Nikamwambia kwamba leo mimi ni upande wa shule, na kwamba maneno yake yafike kwa mtu asiye na upande. Hakuridhika sana. Lakini akasikiliza. Tulipofika kwenye muda, mwanasaikolojia akasema siku 45 za shule tangu ridhaa. Mama akatoa karatasi kwenye mfuko. Kule walikotoka waliandikiwa siku 60 za kalenda, ambazo ndizo za sheria ya shirikisho pale ambapo jimbo halikuweka zake. Akauliza, na swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoulizwa kwenye mtihani: sitini ni nyingi kuliko arobaini na tano, basi kwa nini mnaniambia tutamaliza baada ya Krismasi?

Siku za shule hazihesabu Jumamosi, Jumapili, likizo ya shukrani wala ya Krismasi. Mtoto akikosa shule siku tatu au zaidi, siku hizo zinaongezwa. Minnesota wanahesabu siku za shule vile vile, lakini ni 30. Kama ningeletwa kwenye meza ile moja kwa moja kutoka kule, kwa leseni yangu ya zamani na kujiamini kwangu kote, ningemwahidi mama yule muda ambao shule haikufungwa nao, naye angeuandika nyuma ya karatasi yake. Tulichukua kalenda ya ukutani tukazihesabu pamoja kwa kidole, mkalimani akisubiri kwenye simu bila kujua tunafanya nini. Akasaini.

Tangu siku ile siwezi tena kusema mtihani wa 268 ni usumbufu mtupu. Bado nasema umekaa vibaya. Mtu mwenye miaka kumi ya ukuu hahitaji kuulizwa jinsi ya kujenga ushirikiano na wazazi kwa kuchagua A, B, C au D. Angepewa sheria za jimbo, mikataba, elimu maalumu na fedha za shule, akahojiwa hayo tu, angerudi kazini haraka na watoto wangepata wanachokihitaji. Majimbo mengine yamekaribia hapo kwa upande wa ualimu. Rafiki yangu aliyehamia Arizona alikubaliwa karibu kila kitu ila akadaiwa somo la katiba ya Marekani na ya Arizona. Pennsylvania watakudai hati tatu za kukusafisha: polisi wa jimbo, rekodi za unyanyasaji wa watoto, na FBI. New York wana mafunzo ya kuheshimu utu wa kila mwanafunzi, ya saa sita, ambayo lazima uyapite. Hayo yanavumilika, kwa sababu unajua ni ya nini.

Mwaka mmoja baada yangu kuhama, yaani 2023, mkataba mpya wa majimbo wa kuhamisha leseni za walimu ulianza kuwa na nguvu baada ya jimbo la kumi kujiunga. Jimbo mwanachama linampa mwalimu leseni inayolingana na ya kwao iliyo karibu zaidi, bila kumdai mitihani na kozi mpya mlangoni. Wenye leseni za muda hawamo, ila kuna nafuu kwa wake na waume wa wanajeshi. Kwa hao wa jeshini kuna pia sheria ya shirikisho ya Januari 2023 inayohusu leseni za taaluma wanapohamishwa kwa amri. Najua Waafrika Mashariki wengi wana mtu jeshini na hawajawahi kuisikia. Huu mkataba wa 2023, hata hivyo, ni wa walimu. Wakuu wa shule tumeachwa tulipokuwa, na baada ya yule mama na kalenda yake, naelewa kwa nini ilikuwa vigumu kututia ndani.

Leseni yangu ya Minnesota sikuiacha ife. Naihuisha zote mbili, ya ualimu na ya ukuu, saa 125 kila moja kwa miaka mitano, juu ya saa 200 ambazo Texas wanamdai mkuu wa shule katika muda huo huo. Mafunzo mengi yanahesabika kote kote ukiyapanga vizuri, na ni rahisi mno kuliko kuomba upya. Jimbo la tatu, kama litakuja, litauliza kama leseni ziko hai, halitauliza kama niliwahi kuwa nazo.

Juzi kijana mmoja wa Kitanzania, mkuu msaidizi Houston, aliniandikia kwamba amepata nafasi Colorado na anataka kuacha kazi mara moja ili awahi. Alikuwa anauliza fomu. Nilimjibu fomu zisubiri, aniambie kwanza shule yake inafungua lini. Texas aliye na mkataba anaweza kujiuzulu bila adhabu hadi siku ya 45 kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Akiondoka baada ya hapo bila ridhaa ya wilaya, wilaya inaweza kumpeleka kwenye bodi ya vyeti, na bodi inaweza kusimamisha cheti chake. Adhabu hiyo inaingizwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya NASDTEC, ambayo maofisa wa leseni wa majimbo yote wanaisoma. Vidole hawaazimani, lakini hiyo wanaazimana. Alikuwa amebakiwa na siku chache upande mzuri wa tarehe. Nikamwambia aandike barua ya kujiuzulu leo, apate saini ya kupokelewa na tarehe juu yake, na kabla hajarudisha ufunguo wa ofisi aende idara ya utumishi akasimame pale mpaka wamsainie rekodi ya miaka yake.

Akaniuliza kama wataikubali ya Songea. Nikamuuliza kama barua yake ina tarehe ya kuacha kazi.